Fundi, Wifi na Kidonge cha Asubuhi

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi ninayekisimulia nilikiona kwa macho yangu mwenyewe, na jicho la kushoto mpaka leo linakataa kutoa ushahidi. Ni kisa cha mwanamke aliyemwonea mwenzake wivu kwa sababu ya mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtoto akiwa mzima na mama akiwa hai. Na sitatia chumvi. Kwanza mhusika amekatazwa chumvi na kliniki, nami ni mtu wa kuheshimu masharti ya wagonjwa.

Mhusika ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, mume wake anamwita Fundi, na mjomba wake, mtu mmoja mwerevu na mtanashati ambaye kwa unyenyekevu sitamsifu sana hapa, anamwita Fundi pia, ingawa ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, kinachotazama barabara. Cherehani nyeusi ya kukanyaga ipo dirishani. Pembeni kuna meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo ya mikasi, pasi, chaki bapa, na kopo la biskuti ambalo halijaonja biskuti tangu liingie humo. Ndani yake ni vifungo vya kila namna. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Akienda sokoni anayo, akienda msibani anayo, na kuna watu wanaapa aliolewa nayo.

Sasa, huyu Fundi alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha ziada. Mwanamke akipita barabarani na gauni lililoshonwa na fundi mwingine, cherehani ilikuwa inanyamaza. Macho yake yanaanzia kwenye pindo, yanapanda na zipu, yanatua begani. "Bega limekaa kama linataka kuhama," angesema, na roho yake ikatulia. Siku akikosa kasoro, chakula cha mchana hakishuki. Mume wake, fundi baiskeli mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alijifunza mapema kwamba kumsifu mwanamke yeyote kwa lolote, hata yule wa kwenye kalenda ya ukutani, ni kujitafutia usiku wa kuongea na mgongo wa mtu. Mjomba alimwambia wazi kuwa wivu ule ungekuwa umeme, mtaa mzima ungewasha taa bure.

Presha ilimjia kabla ya mtoto. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa nyuma, akasingizia miwani. Zahanati ikampima, ikampima tena, ikampa kidonge cha kumeza kila asubuhi. Akakizoea kama alivyozoea subana anayovaa kidoleni ili sindano isimchome. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mimba waliingoja kwa muda mrefu, mpaka majirani wakaacha kuuliza, na kuacha kuuliza kunauma kuliko kuuliza. Ilipoingia, Fundi alikwenda kliniki amevaa gauni jipya alilolishona kwa ajili ya safari hiyo, na kiunoni alikuwa ameliachia nafasi ya tumbo ambalo bado halijaonekana. Mkunga alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Akamuuliza anatumia dawa gani. Fundi akatoa pakiti yake. Mkunga akavaa miwani, akasoma, akaivua miwani.

Akamwambia hiyo haimfai mjamzito, kwa sababu inaweza kuumiza figo za mtoto akiwa tumboni, na kwamba ingekuwa vizuri zaidi kama angekuja kuuliza kabla hata ya kutafuta mimba. Lakini amewahi, asijitie hofu. Na asije akaacha dawa moja kwa moja, maana presha iliyoachiwa huru inamuumiza mama na inamuumiza mtoto. Akampa nyingine ambayo wajawazito wanaitumia, akaongeza na ule mkatazo wa chumvi, na mtoto akawa anaangaliwa kila mara, akapiga mateke huko ndani kama mtu mwenye haraka zake.

Fundi alisikia yote, ila alibaki na moja tu: dawa ya presha inaumiza mtoto. Neno hilo likamkaa kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Gauni linapendeza, watu wanasifu, lakini mwenye gauni kila akikaa anajua kuna kitu.

Alijifungua mtoto wa kike, pua ya baba, ukali wa mama. Presha ikapanda siku zilezile, akazuiliwa wodini, akabadilishiwa dawa kwa mara nyingine. Siku ya kuruhusiwa mkunga alimweleza vizuri kabisa kuwa hiki kipya wamemchagulia wakijua ananyonyesha, akimeze kila asubuhi, arudi kupimwa. Fundi alikuwa amelala macho wazi. Alitikisa kichwa kila palipohitaji kutikiswa, akarudi nyumbani na mtoto mikononi na vidonge kwenye mkoba, maelezo yote akiyaacha wodini juu ya mto.

Nyumbani alimkuta wifi yake.

Wifi huyu ni dada wa mume, msusi kwa kazi, aliyekuja kumsaidia akiwa na mtoto wake wa kiume ambaye bado ananyonya. Ni mtu ambaye sauti yake inaingia chumbani kwanza, yeye anafuata. Vidole vyake ni vyepesi, ulimi wake ni mwepesi zaidi, na maziwa alikuwa nayo ya kutosha kiasi kwamba majirani walimbandika jina la Bomba. Mtoto wake alikuwa na mikono yenye mikunjo mikunjo, kama amevaa bangili za nyama. Fundi alimpenda wifi yake, nataka hilo lieleweke mapema. Alimpenda hasa akiwa chumba kingine.

Asubuhi moja Fundi alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, kidonge kiganjani. Wifi akapita na beseni la nguo, akasema kwa wema tu, "Wifi, hicho si kinashuka kwenye maziwa?" Kisha akaendelea na safari yake ya kwenda kuanika. Lilikuwa swali. Lingejibiwa "sijui, nitauliza kliniki," na mimi leo ningekuwa sina kazi.

Lakini Fundi ni fundi, ana njia yake ya kujua ukweli. Mteja akileta kitambaa chekundu anachotaka kiungwe na cheupe, Fundi hasikilizi kiapo cha muuza duka kwamba rangi haitoki. Analowesha pembe ya kile chekundu, anailaza juu ya kipande cha bafta nyeupe, anakandamiza. Kikiacha doa, vitambaa hivyo haviungwi, hata mteja alie machozi. Kwa njia hiyo hajawahi kuharibu nguo ya mtu, na mafundi wenzake waliomcheka waliishia kulipia nguo za watu.

Basi alikwenda kwenye meza ya kukatia, akachukua kipande cha bafta, akakilowesha kile kidonge kwa maji ya uvuguvugu, akakilaza, akakibana kwa mgongo wa kijiko. Kidonge kilikuwa na rangi ya waridi. Alipokiinua, pale chini palikuwa na doa la waridi linalotanuka taratibu kuelekea ukingoni. Kitambaa kilikuwa hakijawahi kumdanganya. Aliiona ile pini ya siku nyingi, sasa ina rangi.

Kuacha kidonge aliogopa, maana mkunga alishamweleza tangu wakati wa mimba habari za kiharusi na degedege la uzazi. Akaamua kuacha kunyonyesha. Akaenda kwa wifi na sauti ya mtu anayeazima uzi, akaanza kusema amsaidie kumnyonyesha mtoto kwa muda, maana yeye na hizi dawa zake. Wifi alikuwa ameshafungua vifungo kabla sentensi haijafika mwisho.

Hapo ndipo wivu wa Fundi ulipopata ajira ya kudumu.

Wifi alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja, mtoto wake upande huu, mtoto wa Fundi upande ule, anawaongelesha wote wawili, anacheka na wapita njia dirishani. Fundi yuko kwenye cherehani amewapa mgongo. Sindano inakimbia hata pale ambapo kitambaa kimekwisha. Anachosikia ni mmezo wa mtoto wake tu, mdogo, wa kudakia, na kila mmezo ulikuwa unamchoma mahali pake. Mtoto akishiba anaachia ziwa na kuguna kwa raha, na guno lile Fundi alilijua. Lilikuwa lake. Wodini mtoto alikuwa anamgunia yeye.

Na maziwa yake hayakuwa yamepewa taarifa kwamba yamefutwa kazi. Yalikuja kwa wakati wake, yakamjaa, yakamuuma, yakalowesha blauzi. Alikuwa anatoka nyuma ya nyumba, anainama karibu na jiwe la kufulia, anakamua chini. Maziwa meupe kabisa, hayana hata tone la waridi. Aliyaona hivyo, na bado aliamini kitambaa.

Mchana mmoja mume aliingia na mikono yake ya grisi, akasimama mlangoni asiwaguse watu, akamtazama mtoto alivyolala amelegea kwa shibe. "Ahsante sana dada," akasema, akarudi kwenye baiskeli zake. Maneno matatu. Fundi aliyameza kama mtu aliyemeza kifungo. Jioni ile mume alikula chakula cha baridi katika nyumba ambayo jiko lilikuwa linawaka, na hakujua kosa lake ni lipi, wala hakuambiwa.

Wifi naye hakusaidia mambo. Ni mtu wa utani, na utani wake hauchagui kidonda. Mtoto akimkumbatia ziwa kwa mikono miwili, wifi anasema, "Huyu ameshamjua mama yake wa chakula." Anacheka, wateja wanacheka, Fundi anacheka pia, kicheko cha mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wageni. Kuanzia hapo akaanza kumtafutia wifi kasoro kama alivyozitafuta kwenye magauni ya watu. Anamshika mtoto juu mno. Anamwimbia kwa sauti nzito. Anamwita "changu". Usiku Fundi alilala na neno hilo, "changu", akiligeuza upande huu na upande ule kutafuta mahali lilipofumuka.

Siku moja mtoto alikuwa analia mikononi mwa mama yake. Fundi alimtembeza, akampapasa, akampigia cherehani ili asikie mlio alioujua tangu tumboni. Hakunyamaza. Mara wifi akaongea huko uani na mteja wa kusuka, habari za mafuta ya nywele tu. Mtoto akanyamaza ghafla. Akageuza shingo yake laini kuelekea uani.

Mjomba aliingia wakati huohuo, akaona, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuacha utani upotee bure, akasema, "Naona nguo imeshonwa kwako, inavaliwa kwa jirani." Fundi alimrushia chaki. Ilimkosa mjomba kwa ule wepesi wake ambao mpaka leo anao, lakini aliyaona macho ya mpwa wake na utani ukamkauka mdomoni.

Kesho yake Fundi aliacha kumeza kidonge.

Alifanya kwa ustadi. Anakiweka mdomoni mbele ya wifi, anapiga funda la maji, anakwenda kwenye cherehani, anakitema kiganjani na kukidondosha kwenye kopo la vifungo. Wifi akaambiwa kwamba kliniki wametuma ujumbe, dawa ni nyingine, sasa mama ananyonyesha mwenyewe. Wifi akasema "sawa wifi," na akabaki amekaa kwenye kile kiti cha wateja na mikono mitupu, akiiangalia kama imesahauliwa na mtu.

Fundi alivuta pazia kati ya chumba cha mbele na cha ndani, akafunga kama mtu anayefunga duka. Mtoto aligoma kidogo, akanusa, akalalamika, halafu akashika. Fundi alihisi mvuto ule mpaka kwenye nyayo. Mtoto alipoguna, Fundi alilia bila sauti, akamwambia mtoto mambo ambayo hayamhusu msomaji.

Siku zilizofuata alikuwa mwema wa kutisha. Alimpa wifi kitenge. Alimkatia mume mkate kabla hajaomba. Mwanamke akapita barabarani na gauni la fundi mwingine, na Fundi akasema, "Limemkaa vizuri." Mtu mwenye akili angekimbilia kliniki siku hiyohiyo.

Kichwa kilirudi kwanza, kwa nyuma, mahali pake pa zamani. Akakifunga kitambaa. Kisha zikaja cheche pembeni mwa macho, kama zile zinazoruka mume wake akisaga chuma. Uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano, akaulaumu uzi, akabadilisha uzi, akaulaumu na ule mpya. Akashona blauzi ya mwalimu, na mwalimu alipoijaribu mkono wake uliingia ukakosa pa kutokea, maana Fundi alikuwa ameufunga upande wa kiganja. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtazama Fundi aliyekuwa ameshikilia meza, akaacha kucheka.

Siku iliyofuata alikuwa anatafuta kifungo cha shati la mwanawe. Akachukua lile kopo, akamimina juu ya meza ya kukatia, akachagua kimoja kizuri cha waridi, akatia uzi kwenye sindano, akakigeuza kutafuta pa kuchomea. Akakigeuza tena. Akachukua kingine.

"Wifi," akasema, "hivi vifungo vyako mbona havina matundu?"

Fundi, bila kugeuka, akasema ni vya mtindo mpya.

"Mtindo mpya unayeyuka kwenye mkono wenye jasho?"

Cherehani ikanyamaza. Wifi alivitandaza vile vidonge kwa kidole, na vilikuwa vingi kuliko alivyotaka kuviona. Akauliza polepole, na kwake polepole ni jambo geni, ni tangu lini. Hapo Fundi akasimama, mkono mmoja kwenye meza, na yote aliyokuwa ameyakunja na kuyapiga pasi yakafumuka kwa pamoja.

"Unamtaka mwanangu," akasema. "Tangu uliponikuta sina nguvu unamtaka. Wako hakutoshi? Kila anayepita humu ndani anaona wewe ndiye mama na mimi ni mpangaji. Basi nimeacha dawa. Afadhali nianguke, lakini nianguke nikiwa mama yake."

Wifi alikaa chini.

"Nimtake mwanao," akasema. "Mimi. Wifi, ukishona gauni, mtu analivaa mpaka anawaachia watoto wake. Mimi nikisuka, wanafumua, wanatupa, wanasahau ni nani alisuka. Kaka yangu akirudi neno la kwanza ni 'Fundi amekula?' Hajawahi kuuliza kama mimi nimekula. Mtoto wako aliponipenda nilisema moyoni, leo kuna kitu ninacho na Fundi hana. Ni kweli nilifurahi. Ndiyo sababu nilikuwa natania, nilitaka ukione." Akafuta mkono wake wenye waridi kwenye gauni. "Lakini ukianguka hapo kwenye cherehani, mimi mtoto huyu nitamwambia nini? Kwamba mama yake alikufa kwa kunionea wivu mimi? Mimi, Bomba?"

Fundi alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu zuri tayari. Lakini alipomtazama aliona mawifi wawili, na mmoja peke yake alikuwa anatosha kabisa. Akajishika tumbo juu, chini ya kifua, akakaa sakafuni. Wifi akatoka nje na ile sauti yake, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilikuwa na kazi inayolingana nayo: mume alidondosha baiskeli ya mteja ng'ambo ya barabara kabla jina lake halijaisha kuitwa.

Kliniki, mkunga alimpima mkono huu, akampima mkono ule, asitaje namba. Aliita daktari, wakampa dawa ya kuishusha presha, wakamlaza chumba ambacho taa yake imepunguzwa, wakakaa naye. Mkunga alisema baadaye, na hakulipamba, kwamba wiki za mwanzo baada ya kujifungua presha inaweza kumwangusha mama aliyekwisha kujiona amepona, na kwamba yule wifi mwenye kelele alikuwa amewahi kwa unywele mmoja wa kichwani. Wifi aliitwa mwenye kelele mbele yake na hakukasirika.

Presha ilipoanza kushuka na cheche kuondoka, mkunga alivuta kiti. Akauliza ni nani alimshauri aache dawa. Fundi akaingiza mkono ndani ya mkoba, akatoa kipande cha bafta kilichokunjwa vizuri, akamkabidhi kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Mkunga akavaa miwani.

"Umekifua kidonge?"

Fundi akaeleza habari za vitambaa vinavyochuja. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, na ni lazima niseme hakucheka, ingawa mume wake Fundi aligeukia dirishani kwa muda.

"Hii rangi ni ya ganda la nje," mkunga akasema. "Imepakwa ili kidonge kitambulike na kimezeke. Haiendi kwenye maziwa."

"Na dawa yenyewe?"

"Dawa inapita, sitakudanganya. Inapita kidogo sana, kiasi ambacho kwa mtoto mzima kama huyu hakitarajiwi kumdhuru. Ndiyo maana tulikupa hii, hatukukupa ya kwanza tuliyoishika. Dawa za presha ni nyingi. Zipo zinazofaa mjamzito, zipo zinazofaa anayenyonyesha, zipo ambazo mama wa namna hiyo hatumpi. Huwezi kuzijua kwa kitambaa. Unazijua kwa kutuuliza."

Fundi bado alikuwa na ile pini. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mkunga mwenyewe ndiye aliyemwambia dawa inaumiza mtoto.

"Ile, na akiwa tumboni," mkunga akasema. "Wewe mteja aliyejifungua unamkatia nguo kwa kipimo ulichomchukua akiwa na mimba?"

Fundi akashika tepu yake shingoni. Akatikisa kichwa, na safari hii alikuwa macho.

Mkunga akaendelea kumpa yaliyobaki wodini juu ya mto. Mtoto akilala kupita kawaida yake, akikataa kunyonya, akiacha kuongezeka uzito, amlete. Kichwa kikiuma, cheche zikirudi, tumbo la juu likibana, asingoje kesho. Vile vidonge vya zamani vya kabla ya mimba asivirudie kwa akili yake. Na akitaka mtoto mwingine aje kabla, waipange dawa mapema. Kisha akamgeukia wifi, akamuuliza kama alipimwa magonjwa. Wifi akasema alipimwa alipojifungua, yuko salama. Mkunga akasema vizuri, lakini hayo yanaulizwa kabla mtoto hajapewa ziwa la mwingine, watoto hawagawanwi kama mafuta ya nywele.

Mtoto alipoanza kulia, wote wawili walinyoosha mikono. Ilikuwa mara moja, bila kufikiri, mama kitandani na wifi kitini. Wifi akaiona mikono yake, akairudisha mapajani. Mume akampeleka mtoto kwa mama yake. Mtoto akashika, akanyonya, akameza ule mmezo wake wa kudakia, na Fundi akafumba macho.

Alipoyafumbua alimwona wifi anatazama. Aliujua mtazamo ule. Alikuwa ameuvaa mwenyewe miaka yote dirishani, magauni ya watu yakipita. Akamwacha mtoto ashibe kwanza, hakumpunja hata tone moja, halafu akamtoa ziwani na kumnyoosha mbele.

"Mcheulishe wewe," akasema. "Begani kwako anacheua vizuri. Halafu nirudishie."

Wifi akampokea. "Nikikaa naye kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Wifi."

"Nimeuliza tu."

Tangu hapo kidonge kinamezwa kila asubuhi mbele ya wifi, na wifi anamwambia afungue mdomo, anakagua mpaka chini ya ulimi, kwa raha zote. Fundi hajapona wivu. Mtoto anapocheka na wifi, cherehani bado inanyamaza kidogo. Lakini inaendelea.

Na haya yote, wasomaji wangu, yasingewezekana bila mjomba wake. Kwani nani alimbeba Fundi siku ile? Mjomba alimpandisha mgongoni, mtoto kifuani, wifi na mwanawe wakining'inia kila mmoja upande wake, akakimbia mtaa mzima bila kutweta mpaka mlango wa kliniki, na daktari mkuu alipomwona akavua koti lake jeupe, akataka kumvisha, akasema kwa machozi kwamba katika miaka yake yote ya kutibu presha hajawahi kuona mtu ambaye—

"Mjomba." Amesimama nyuma ya kiti changu, mtoto ziwani, tepu shingoni, anasoma. "Tulienda na teksi. Wewe ulikaa mbele, na tulipofika ulilala kwenye benchi la wajawazito mpaka ukaamshwa umpishe mwenye tumbo."